Namna ya kuandika byenye bazee banajua juu ya pori yabo, mbele mashini zifike

Hii naandikia vijana ba hapa Bukavu benye banatumwaka Kabare, Kalehe, Walungu ao Bunyakiri na kaye moja, biki mbili na liste ya kuwekea sinyatiri, banaambiwa tu "mukakusanye maoni ya kominote". Mara mingi munarudi magaribi na liste imejaa, foto ya bamama beko nacheka, na hakuna kitu ata kimoja chenye avoka anaweza kutumikisha. Alafu siku kampuni inafika kuchimba, ao leta (serikali) inakuja kupima mupaka, mutu wa biro anauliza: alama iko wapi kama hii pori ilikuwa na benyewe? Alama iko. Iko mu kichwa ya muzee fulani mwenye anajua kila kamutaro kwa jina yake, lakini sababu haiko ku karatasi, kwa biro ni kama haiko.

Mufano hauko mbali. Kahuzi-Biega ilianza kuwa rezerve 1937 wakati ya Babeleji, ikafanywa parke 1970, na 1975 bakaipanua mupaka ikafika karibu hekitari 600,000. Batwa, batu ba pori ba tangu zamani, benye balikuwa banaishi kule yulu ku milima, balifukuzwa mu ile miaka bila kuulizwa na bila kulipwa, na mupaka leo bengi banakaa pembeni ya mashamba ya bengine. Ilibidi kungojea 2024 njo Komisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile ya Banjul, itangaze kama leta ya Kongo ilivunja haki yabo, na iseme barudishiwe udongo, balipwe fidia, baombwe musamaha mbele ya batu bote. Hesabu mwenyewe ni miaka ngapi. Sasa geuka uangalie Itombwe, ni jimbo hii hii: rezerve ilitangazwa 2006 kutoka mbali bila kuuliza vijiji, lakini kisha kulifanyika kazi ya karte pamoja na benye udongo, na mipaka yenye ilisiniwa 2016 ilifuata ile kazi, na zoni zenye batu banaendelea kulima na kuokota. Sisemi Itombwe ni paradizo, shida ziko mingi, lakini tofauti ni kwamba kule karte ya kominote ilikuwa ku meza.

Batu ba ma ONG banaitaka hii yote "haki ya mazingira". Kwa kifupi: mwenye alichunga pori njo anafukuzwa, mwenye anaikula njo anapewa karatasi, na mayi chafu inashuka kwa mwenye hakupata kitu. Bazee ba Ulindi kule Shabunda, benye baliona madrage, zile mashini za kunyonya zahabu ndani ya mayi, zinageuza mto kuwa matope, habahitaji atelye ya kubaeleza ile neno.

Mbele ya kupanda moto (pikipiki)

Soma sheria kidogo, si juu ya kujionesha mbele ya bazee, ni juu ya kujua ni maneno gani utatafuta kule. Iko Katiba, kipengele ya 53, kila mutu ana haki ya kuishi mahali pazuri pa afya. Iko sheria ya 11/009 ya tarehe 9 mwezi ya saba 2011 juu ya mazingira, yenye inasema proje yote yenye inaweza kuharibu mazingira lazima ifanyiwe kwanza uchunguzi, na batu ba pale bapewe habari na basikilizwe. Iko dekre ya 14/018 ya tarehe 2 mwezi ya nane 2014 juu ya pori za kominote, hiyo nitairudilia. Na iko sheria ya 22/030 ya tarehe 15 mwezi ya saba 2022 juu ya haki za Bambuti na Batwa, yenye inatambua udongo yenye banakaa na kutumia, na kusema habawezi hamishwa bila kukubali kwabo, kukubali kwa uhuru, mbele ya kazi kuanza, na kisha kupewa habari yote. Enda na kopi ya hii ya mwisho, na mutu mwenye anaweza kuieleza mu mashi ao kitembo ao luga ya pale. Bengi habajasikia ata kama iko.

Jambo ingine: jiulize ni nani anakutuma na karatasi itafika wapi. Kama ni kampuni yenyewe njo inalipa perdieme yako, sema wazi siku ya kwanza. Bazee bataijua tu, na siku bataijua kutoka kwa mutu mwengine kazi yako imekwisha.

Kuingia kijiji

Ngazi iko yenye kila mutu wa kwetu anaijua, kwa mwami ao mutu wake, kisha shefu wa grupema, kisha kapita wa lokalite, unaruka mumoja anakukalia yulu mupaka mwisho. Lipa eshima, kunywa kasiksi kidogo kama banakupatia, eleza mwanzo na mwisho, usiahidi forage wala masomo ya bure kwa batoto. Mpaka apo ni ya kawaida.

Yenye haiko ya kawaida ni hii: usisikilize Batwa mu mukutano moja na benye mashamba na kufikiri umebasikiliza. Batwa bengi, tangu kutoka parke, banakaa ku udongo ya mutu, banamulimia siku kwa siku, na ule mutu njo amekaa ku kiti mbele. Ukiuliza "muko na shida gani?", Mutwa atasema "tuko muzuri, asanti papa" na atakaa kimya, na wewe utaandika ku raporo "kominote iko sawa". Fanya mukutano ya bote siku ya kwanza, ili mutu asiseme munajificha, alafu urudi siku ingine mu kambi yabo, ukae chini na bo, bila kapita, bila mwenye shamba. Kama kapita anakatala, ile nayo unaandika.

Bamama pia peke yabo. Bazee banaume batakuonesha mipaka, makaburi, njia ya kuwindia, lakini chemichemi, uyoga, kuni, udongo ya kufinyangia nyungu, na majani ya mutoto mwenye ana homa, ile ni bamama, na mara mingi mubabo anasikia ile siku ile ile kama wewe. Nenda saa yenye habako shambani, na usipange siku ya soko ya Mudaka ao ya Katana, utakuta nyumba tupu na kuku.

Maneno ya kwanza usifungue na kaye. Mulamuse kwanza, "Asinge tata", ukae, umuambie kama umekuja kujifunza mahali pori ilikuwa inaishia wakati alikuwa kijana. Muache aanzie mahali anapenda. Ataanzia mbali sana, ku babu yake, ku vita, ku ngombe ya mahari yenye haikulipwa. Vumilia, mipaka ya udongo inakaa ndani ya hizo hadizi, kwa sababu ngombe ililishwa wapi na babu alizikwa wapi njo karte.

Karte ya chini kwanza, telefone kisha

Vijana munapenda sana kufungua GPS mara moja. Hapana. Tafuta kiwanja safi, chukua fimbo, omba muzee mumoja achore mto mukubwa mu vumbi. Kisha bengine bataanza kumukosoa, "apana, mutaro inapita huku", na njo kazi inaanza kwenda yenyewe, majani kwa pori, makala kwa mahali palichomwa, majiwe kwa makaburi ya zamani, bunzi za muhindi kwa mashamba. Usichore wewe. Ukishika fimbo tu, karte inakuwa ya ONG.

Banapobishana, usikimbie kupatanisha. Andika upande zote mbili, na majina ya mahali mu luga yenye banayatumia, ata kama ku karte ya leta kilima iko na jina ingine. Majina ya Batwa ya milima na mito ndani ya parke ni alama kubwa sana kama balikaa mule, mugeni haitaka kila kakisima jina.

Kisha unakopia yote ku karatasi kubwa ya kraft, kwa kalamu ya rangi, mbele yabo. Na kisha ya hapo tu njo munatembea. Banne ao batano, muzee mumoja, mama mumoja, vijana babili, na wewe nyuma na telefone. OsmAnd, aplikasyo ya karte, inatumika bila mitandao, unaweka pointi kila mahali muzee anasimama na kusema neno. KoBoCollect nayo ni muzuri kama munataka kujaza fishi, ma ONG mingi ya hapa inaitumikisha. Pawabanki usisahau. Na kama kuko basirikali ao batu ba silaha mu ile pori, hamuendi, karte itangoje. Hakuna pointi ya GPS yenye inalipa mutu, na mutu mwenye anatembea na telefone akipima udongo mu Kivu ya leo anaweza kufananishwa na mupelelezi kwa dakika moja.

Tarehe

Biro inapenda miaka, bazee habahesabu hivyo. Usiulize "ilikuwa mwaka gani", uliza ilikuwa mbele ao kisha ya kitu yenye kila mutu anakumbuka. Kwetu ziko mingi: uhuru 1960, vita ya Mulele, Schramme na mamersenere yake mu Bukavu 1967, wakimbizi ba 1994, vita ya AFDL 1996, tetemeko ya mwezi ya pili 2008. Kama mama anasema "wakati ya Schramme nilikuwa na mutoto mugongo na tulikuwa tunateka mayi ndani ya pori", umepata mwaka bila kumusumbua, na ni kabla parke iundwe. Kwa upande ya Goma batakuambia mbele ya volkano ya 1977, ya 2002 ao ya 2021.

Si kuandika tu "tulikuwa pale"

Hapa njo dosye mingi inaanguka. Banaandika hadizi ya kukaa, banasahau kuandika namna balikuwa banatunza. Na ujuzi ya kutunza njo inajibu ile swali ya bakubwa ba parke na bakampuni: "tukibarudishia, bataiharibu?"

Kwa hiyo uliza sheria. Ni miti gani haikatwi, na ukiikata nani anakuja kukuuliza. Mwezi gani asali inavunwa na mwezi gani muzinga unaachwa. Nyama gani haiwindwi na ukoo gani, mwezi gani mitego inatolewa. Ganda ya muti wa dawa inatolewaje bila kuua muti: angalia Prunus africana, ganda yake inaendaka Ulaya kwa dawa ya wanaume bazee ya kukojoa, tangu 1995 iko ku liste ya CITES, mukataba wa dunia juu ya biashara ya miti na nyama za pori, juu batu ba biashara balikuwa banavua muti muzima mupaka inakauka, lakini mwenye anajua anatoa ganda upande moja, anaacha ingine, na anarudi kisha ya miaka. Ile "anatoa upande gani, anangoja miaka ngapi" andika neno kwa neno.

Uliza pia alama za hatari. Watu ba upande ya Goma banajuaka mazuku, mahali pa chini penye gazi ya volkano inajikusanya asubui mapema na kuua mbuzi, na mutoto anaambiwa asiende pale hata siku ya soko. Banasayansi bo benyewe banatumikisha ile jina. Kalehe, tarehe 4 mwezi ya tano 2023, mayi na majiwe bilishuka ku Bushushu na Nyamukubi, zaidi ya batu 400 bakakufa, na tangu pale mukienda kufanya karte kule swali ya kwanza iwe: mto ilipitaka wapi zamani, mahali gani mababu habakujenga? Wavuvi ba sambaza ku ziwa nao habavui vizuri mu usiku ya mwezi mukubwa kwa sababu samaki hazifuate taa, na wao njo bataona wa kwanza kama mayi imebadilika. Usidharau mutu sababu hana diplome. Lwiro kuko santre ya sayansi, unaweza kupeleka byenye bazee banasema kule bapime, mara mingi bitu bitakutana.

Kila neno, iandike kwa mustari moja yenye iko na mahali, wakati, nani anajua, na nini imebadilika. Kwa mufano: "Mutaro X, chini ya muti mukubwa Y. Mbele ya 1996 haikukauka ata mwezi ya saba. Sasa inakauka mwezi ya sita. Balisema bamama batatu ba kambi, baliotembea pamoja na sisi." Ile mustari moja ina nguvu kupita kurasa kumi za "tangu zamani mababu zetu waliishi kwa amani na asili".

Na apo nina neno ingine. Usibafanye malaika. Tangu 2018 wakati Batwa bengine balirudi ndani ya parke kwa nguvu, miti mingi ilikatwa, makala ilishuka mupaka Bukavu, na sisi bote tulipika nayo, ile iko wazi. Kulikuwa na bachuuzi na batu ba bunduki nyuma, na njaa, na Batwa pamoja na basio Batwa. Ukiificha, mutu wa misitu wa kwanza mwenye atasoma raporo yako ataitupa. Andika: nani alikata, nani alinunua, sheria gani ya bazee ilivunjwa, na bazee benyewe banasema nini juu ya vijana babo. Dosye yenye inakubali mabaya inaaminiwa kwa mazuri.

Byenye hutaandika

Uliza kabla, na uulize tena kisha, kwa sababu mutu akinywa kidogo anasema mingi. Dawa: andika kama kuko muti wa kutibu, usiandike namna ya kuuchanganya. Mubirizi kila mutu anaijua, hiyo haina siri, lakini ile yenye mama mumoja tu anaijua ikae kwake. Protokole ya Nagoya ya 2010 inasema ujuzi ya namna hii haitumiwi bila ruhusa na bila kugawana faida, na Kongo iko ndani, lakini mara imeshatoka ku raporo yenye iko ku intaneti utamufuata nani? Mahali pa mizimu na makaburi: weka duara kubwa ku karte, si pointi. Mahali pa zahabu ao koltani mwenyewe unaelewa. Na foto ya batoto acha.

Sauti ukirikodi, kopi moja inabaki kwabo ku karte ya memwari, si ku kompyuta yako pekee.

Kutoka kaye mupaka dosye

Rudi. Hii bengi habafanyake. Pachika karte mbele ya bote, isome kwa sauti, acha bakosoe, rekebisha pale pale, kisha njo basini, na kidole kwa benye habajui kuandika, na jina ya kila ukoo.

Kisha inategemea munataka nini. Kama pori iko inje ya parke na ni ya mila yabo, kamata njia ya pori ya kominote, ile dekre ya 2014: kominote inaandikia guvernere, inaweka karte, liste ya familia na wajumbe babo, na karatasi ya mukutano yenye baliamua, inaweza kuomba mupaka hekitari 50,000, inapewa bure na bila mwisho. Arete (amri ya waziri) ya 2016 inalazimisha iwe na mukutano ya bote, komite ya kuongoza, komite ya kuangalia, na baraza ya bazee. Hapo uangalie Mutwa na mama beko mu komite na kura, si kwa kupamba foto. Na mbele ya kukata ao kuuza kitu lazima plani ndogo ya kutunza pori, na ile mistari yenye mulikusanya juu ya asali, ganda na mitego njo inaingia mule karibu ilivyo.

Kama pori iko ndani ya parke, ile njia haitumike, usidanganye batu. Kule ni mazungumuzo na ICCN, shirika ya leta yenye inachunga maparke, ni sheria ya 2022, ni uamuzi ya Banjul, na kunahitajika avoka. Karte yenu inakuwa kiambatanisho yake.

Kama ni kampuni ya kuchimba, omba raporo ya uchunguzi wa mazingira yenye ilipelekwa ku Shirika ya Kongo ya Mazingira, iweke pembeni ya karte, na tafuta chemichemi zenye haiko mule. Ziko kila mara. Andika barua fupi: "Raporo yenu haina chemichemi hizi, bamama ba lokalite hii banazitumia, hapa pointi." Uliza pia juu ya ile 0.3 kwa mia ya mauzo yenye kode ya migodi ya 2018 inasema iende kwa maendeleo ya kominote, na nani amekaa mu komite yake. Lakini usikubali ile feza ifanywe bei ya kunyamaza juu ya mayi.

Kopi

Fanya nne kwa uchache. Moja kwa shefu, moja kwa direkteri wa masomo ao paroko, moja kwa avoka ao shirika la raia ya Bukavu, moja ndani ya kijiji kwa mutu mwenye bo benyewe bamechagua, mu plastiki juu ya mvua. Kila biro unapeleka, usiache kitu bila kupigiwa muhuri na tarehe ku kopi yako. Tangu mwanzo ya 2025, na vita yenye ilifika Goma na Bukavu, mabiro imebadilika mikono na dosye zimepotea, mwenye jana alikupokea leo hayuko, kwa hiyo ile muhuri ya zamani usiitupe ata kama mwenye aliipiga amekimbia. Picha za kila ukurasa tuma inje, kwa ndugu wa Bujumbura ao Kinshasa.

Na karatasi ya kraft, ile kubwa ya kwanza yenye matope na alama za vidole, usiipeleke mjini ata kama donateri anaiomba kwa mapambo ya biro yake. Mupatie foto.